Udongo Uliotoka Shimoni

Michenga, kwa posta ya Ifakara
16 Oktoba 1955

Kwa binti yangu Aurelia,

Pokea salamu za nyumbani. Sote tu wazima, na nakuomba ulikumbuke neno hilo mpaka mwisho wa barua, maana nina habari ambayo madereva wa malori wameshaanza kuisambaza, nami sitaki ikufikie huko Morogoro ikiwa imetiwa chumvi.

Jumanne alasiri kitu kilianguka kutoka mbinguni, kikapiga shamba letu la mbugani. Mimi sikuwapo. Nilikuwa kivukoni pamoja na baba yako mdogo Tadei tukingoja pantoni. Tuliona mwali ukipita juu ya mto, mweupe kuliko jua, na nyuma yake moshi kama wa treni. Kisha ukaja mlio uliotuinamisha kila mtu pale alipo, na ng'ombe waliokuwa wakingoja kuvushwa wakaruka majini. Mbinguni hapakuwa na wingu. Tadei alisema ni ndege ya Wazungu imeanguka. Mimi nilitazama moshi uliposimama, nikajua ni upande wetu, nikapanda baiskeli bila kumsubiri.

Pale lilipokuwa dungu letu la kukalia tukiamia ndege wa mpunga sasa pana shimo. Nyumba yetu ingeingia ndani pamoja na paa lake, na bado mtu angepata nafasi ya kuizunguka. Kingo zake zimeinuka kama tuta. Udongo umetupwa pande zote, na mabua ya mpunga yamelala yakielekea nje, kama nywele zilizochanwa. Harufu ilikuwa ya baruti. Chini kabisa maji yalikuwa yameanza kuchuruzika.

Mama yako alikuwa mwisho wa shamba, mbali na dungu, akikusanya mabua ya kuchoma. Alianguka, akachubuka magoti na kiganja cha mkono. Nilimkuta ameketi. Ni hayo tu, usihangaike.

Padri amekuja kutazama, jumbe amekuja, na watu wa Ifakara wanakuja kwa makundi. Kila mtu anauliza jiwe liko wapi. Jiwe hakuna. Shimo lote lile, na ndani yake ni matope matupu.

Soma kwa bidii. Mama yako anakusalimu sana.

Mimi baba yako,
Valeriani


Chuo cha Ualimu, Morogoro
2 Novemba 1955

Baba mpendwa,

Shikamoo. Na mama umpe shikamoo yangu, lakini umpe kwa sauti, usimpe kichwani mwako halafu ukasema umeshampa.

Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni mwa ofisi, nikaisoma tena darasani, na mwisho nikampelekea Mwalimu Eustaki, anayetufundisha jiografia. Aliniomba nimwachie mpaka kesho yake. Anasema hicho ni kimondo, jiwe linalozunguka huko juu kama dunia inavyozunguka, na safari hii njia zao zimekutana. Alisema msilitafute jiwe kubwa. Linakuja kwa kasi isiyo na mfano, na likisimamishwa ghafla nguvu yote huingia ardhini, ardhi inapasuka kwenda nje, na jiwe lenyewe husagika. Kwa hiyo shimo huwa kubwa mara nyingi kuliko kilicholichimba.

Anayo darubini aliyoinunua kwa askari mmoja aliyerudi kutoka Burma. Mwezi ulipokuwa nusu alitutoa nje baada ya chakula cha jioni, tukatazama kwa zamu. Baba, mwezi umejaa mashimo! Yana kingo zilizoinuka, kama ulivyoandika. Mwalimu anasema wataalamu bado wanabishana: wengine wanadai ni volkeno za kale, wengine wanasema ni mawe yaliyopiga. Yeye yuko upande wa mawe, na barua yako imemfurahisha sana. Alisema dunia nayo ni jiwe na imepigwa vilevile, ila sisi tuna mvua na mito na majembe, mashimo yetu hufutika. Huko mwezini hakuna wa kuyafuta.

Anakuomba umjibu mambo mawili. Je, udongo uliolala kingoni ni uleule wa shamba? Na je, kuna vijiwe vyeusi vidogo ambavyo havikuwapo zamani?

Sasa jambo langu mwenyewe. Barua zako zote za nyuma mama alikuwa akisimama begani kwako, hilo nalijua, maana zilikuwa na maneno yake. Kuku gani ametaga, nani amejifungua, nisile maembe mabichi. Safari hii umeandika "anakusalimu sana", basi. Je, amenikasirikia? Ni kwa sababu ya kijana wa Mzee Fulgensi wa Kiberege? Niliposema likizo ile kwamba sitaolewa kabla ya kumaliza chuo, wewe uliongea, yeye hakusema lolote, alitoka nje akaenda kwenye vyungu vyake. Mwambie sikukusudia kumwaibisha. Na umwombe anitumie neno lake mwenyewe, hata la kunigombeza.

Mwanao,
Aurelia


Michenga
27 Novemba 1955

Kwa binti yangu Aurelia,

Barua yako imefika. Mwambie Mwalimu Eustaki ameuliza vizuri. Udongo wa kingoni si wa shamba. Shamba letu unalijua, ni jeusi. Hapo kingoni umelala udongo wa kijivu wenye madoa mekundu, laini, unaonata kwenye jembe. Sijui umetoka wapi. Vijiwe vyeusi vipo vichache, vizito kuliko vinavyoonekana. Nimempa kimoja dereva Antoni, kimefungwa kwenye kitambaa cha kanga. Mkabidhi mwalimu.

Maji shimoni yamefika kiunoni kwa mtu mzima, nayo ni safi sasa. Hakuna anayeyachota. Majirani wamehamisha njia yao, wanapita mbali. Baba yako mdogo Tadei anakuja mara kwa mara kunipa mashauri. Anasema shamba lililopigwa na mbingu si la kulimwa. Mimi nalima nusu iliyobaki, kwa sababu tutakula nini?

Mama yako hana hasira. Ana kazi nyingi.

Kuhusu Noeli, nakushauri ubaki chuoni na wenzako. Mvua zimewahi, na malori yanakwama upande wa Kidatu. Hakuna haja ya kuteseka njiani kwa ajili ya siku chache. Tutaonana likizo kubwa.

Mimi baba yako,
Valeriani


Chuo cha Ualimu, Morogoro
15 Januari 1956

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nimefika salama. Lori lilikwama kidogo tu, tukasukuma.

Nilipokuwa nyumbani nilikuwa na maneno mengi, nikarudi nayo yote huku. Kwenye karatasi huenda yakatoka.

Uliporudi kutoka shambani mkesha wa Noeli ukanikuta uani, hukuniuliza kwa nini nimekaidi. Uliweka jembe chini, ukasema, "Umeshamwona." Ndiyo, nilikuwa nimemwona, lakini hujui nilivyomwona. Nilifika hakuna mtu mwingine. Alikuwa ameinama, amenipa mgongo, anafinyanga. Nikapiga hodi. Nikapiga tena. Nikasema, "Mama, ni mimi Aurelia." Akaendelea kufinyanga. Nikajiambia, basi hasira yake ni kubwa kiasi hiki, hata uso hanigeuzii. Nilikuwa nimeshainua sanduku langu nirudi barabarani. Nilipogeuka, kivuli changu kilipita juu ya mikono yake. Ndipo akatazama nyuma, akaniona, akalia kwa sauti ambayo sijapata kuisikia, sauti ya mtu asiyejisikia mwenyewe.

Najua kwa nini ulinificha. Uliogopa nitaacha chuo. Nami sikulaumu, ila usinifiche tena.

Siku tuliyokwenda shimoni sote watatu, nilimwona akichota udongo wa kingoni, akiusugua kwa vidole, akiuweka ulimini. Wewe ulitazama pembeni. Ukaniambia polepole, kana kwamba angeweza kukusikia, "Anakula udongo. Hasemi tena. Tadei anasema akili imeguswa."

Nimemweleza Mwalimu Eustaki hayo yote. Alichukua chaki akanichorea. Anasema kimondo kinapopiga, udongo wa chini kabisa ndio unaotupwa nje mwisho, nao hulala juu ya kingo umepinduliwa. Wa juu umekwenda chini, wa chini umekuja juu. Huo wa kijivu ulikuwa umezikwa chini ya mbuga tangu mto ulipouacha, hakuna jembe lililowahi kuufikia. Aliposema hivyo nikaona aibu kwa ajili yetu sote. Baba, mama ni mfinyanzi. Wafinyanzi huonja udongo ili wajue kama una mchanga. Miaka yote umemwona akifanya hivyo kando ya mto Lumemo, na hukusema akili yake imeguswa.

Na tena, mambo yote ya nyumba mnayaamua mbele yake huku mkitazamana wenyewe. Nani amemuuliza yeye?

Nakutumia kadi nilizoandika kwa herufi kubwa. Hivi ndivyo tunavyofundishwa kufundisha. Mwonyeshe kitu, kisha mwonyeshe kadi yake. Maji. Moto. Chumvi. Aurelia. Usiharakishe, usimcheke, na ukichoka pumzika. Shule ya misheni ilikufundisha kusoma, sasa na wewe mfundishe.

Mwanao,
Aurelia


Michenga
12 Februari 1956

Kwa binti yangu Aurelia,

Barua yako ilikuwa kali, lakini sikuona uongo ndani yake.

Mimi nilimpeleka hospitali ya Ifakara mara mbili. Daktari alitazama masikio kwa taa, akasema ngoma za ndani zimepasuka kwa ule mshindo, tungoje. Tumengoja. Baadaye mama yako hakusema kitu tena, nami nikaona nimempoteza mke wangu angali amekaa mbele yangu. Nilipokuwa nikishika kalamu nikuandikie, mkono ulikuwa unakataa.

Sasa nikueleze yaliyo mabaya kwanza. Tulikaa kikao kwa Tadei. Wazee wameamua kwamba baada ya mavuno tuache shamba na nyumba, tuhamie Kiberege kwenye ardhi ya ukoo, na mama yako apelekwe Mahenge kwa kaka zake atafutiwe dawa. Nilikubali. Nilikuwa nimechoka, Aurelia. Yeye alikaa na wanawake akitazama midomo yetu, mmoja baada ya mwingine. Nilikumbuka ulivyoniuliza, lakini sikuwa na njia ya kumuuliza.

Kadi zako zilianza vibaya. Nilipomshikisha ya kwanza, aliangua kilio. Sikuelewa mpaka nilipokumbuka kwamba kwetu karatasi ikiletwa mkononi huwa ni habari ya msiba. Alidhani umekufa. Nilikimbia kuleta picha yako ile ya kipaimara, nikaiweka kando ya kadi yenye jina lako, nikacheka kwa nguvu ili aone ninacheka. Akatulia. Lakini kesho yake alizisukuma zote mbali, na keshokutwa vilevile. Nikasema nimeshindwa.

Ndipo jana nikamkuta uani na donge la ule udongo wa kijivu, analikanda. Nilichukua bua nikachora MAJI kwenye udongo mbichi, nikaonyesha mtungi. M yangu ilikuwa imepinda. Aliitazama, akaifuta kwa kidole gumba, akaninyang'anya bua, akaichora upya, imenyooka kuliko kwenye kadi yako. Mkono wake umezoea mapambo ya vyungu. Leo asubuhi kabla ya misa nimekuta ukutani kwa mtungi kumeandikwa MAJI, na kwenye jiko MOTO. Kwenye mlango wa kuku ameandika AURELIA. Nadhani hapo alikosea, au labda hakukosea, maana wewe ndiye uliyekuwa ukiwafungulia.

Mimi baba yako,
Valeriani


Chuo cha Ualimu, Morogoro
4 Machi 1956

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nimesoma barua yako kwa wenzangu bwenini, nao sasa wanamwita mama mwanafunzi wetu wa kwanza.

Nakusihi usihame kabla ya kumuuliza. Ana maneno machache bado, lakini yataongezeka. Waambie wazee wangoje. Na kama ni lazima niwepo, nitakuja. Nimezungumza na chuo, nafasi yangu inaweza kungoja mwaka mmoja. Sitalalamika. Sema neno tu, nitapanda lori.

Nijibu upesi.

Mwanao,
Aurelia


Chuo cha Ualimu, Morogoro
29 Aprili 1956

Baba,

Sijapata jibu. Tunasikia Kilombero imefurika kuliko miaka yote ya karibuni na njia ya Ifakara imekatika. Antoni ameonekana hapa mjini na lori tupu, anasema hajui habari za Michenga. Nimemwachia barua hii ailete siku njia itakapofunguka. Sijui kama mko nyumbani, mko Kiberege, au mama yuko Mahenge.

Sanduku langu nimeshalifunga. Nangoja neno lako.

Aurelia


Michenga
10 Juni 1956

Kwa binti yangu Aurelia,

Barua zako zote nimezipata siku moja. Fungua sanduku lako, mwanangu. Tuko nyumbani.

Maji yalikuja usiku wa Pasaka yakafika kizingitini. Mbuga yote ikawa mto. Mahali pakavu palipobaki ni kingo za shimo, zile zilizoinuka. Tulipeleka mbuzi na mbegu zetu pale kwa mtumbwi, na ulipofika mchana tukawaona majirani wanakuja, mmoja mmoja, na kuku wao na watoto wao, walewale waliokuwa wamehamisha njia. Hakuna aliyetaja laana. Mama yako aliwapangia sehemu za kukaa kwa kuonyesha kwa mkono, na jioni akawapikia wote kwa chungu cha udongo wa palepale. Walikaa mpaka maji yaliposhuka. Nusu ya mpunga wetu tumeipoteza, nusu imepona, nayo tumeshaivuna.

Tadei alikuja na lori la kutuhamisha kama tulivyokubaliana. Alianza kutoa vitanda. Mama yako alisimama katikati ya uwanja akiangalia kitanda chake kinapita. Nikajua nikikaa kimya siku hiyo sitaweza tena kumtazama usoni. Nilileta kibao cha kuandikia kwa chaki nilichomnunulia Ifakara, nikaandika: TUHAME?

Alikisoma kwa midomo. Akaomba chaki. Akaandika: NANI

Nikaandika: SISI

Alifuta kwa kiwiko. Akaandika: MIMI HAPANA

Tadei alisema hajui alichoandika, ni herufi tu anaiga. Mama yako alikuwa anamtazama mdomoni. Sijui alielewa nini, lakini alifuta tena akaandika, polepole, akamgeuzia kibao: TADEI KAA ULE

Ndugu yangu alisoma jina lake mwenyewe limeandikwa na mtu ambaye alikwisha kusema hana akili. Alisimama na mguu wa kitanda mkononi. Kisha akaurudisha ndani, akanawa mikono, akaketi. Alikula wali na kambale, na wakati wa kuaga alimshika mama yako mikono yote miwili. Neno la Kiberege limekwisha.

Umesema utaacha chuo. Hilo sitalijibu mimi. Nimemwandikia yule anayehusika, naye amesema atakujibu mwenyewe akiwa tayari. Anafanya mazoezi kila siku, na hataki nitazame.

Mimi baba yako,
Valeriani


Michenga
19 Agosti 1956

Aurelia,

Naandika mwenyewe. Baba yako amekaa mbali, nimemkataza kusaidia. Herufi mbaya utanisamehe.

Wote wameeleza siku ile. Hawakuwapo. Mimi nilikuwapo.

Nilikuwa nakusanya mabua. Jua lilikuwa mgongoni. Nikaona kivuli changu kinakimbia. Mimi nimesimama, kivuli kinakimbia, kinanizunguka kama mtoto. Nikainua macho. Jiwe sikuona. Niliona mwanga. Kisha ardhi ikanipiga. Sikuiangukia mimi, ilikuja yenyewe.

Nilipoamka udongo ulikuwa unanyesha. Ulinyesha taratibu kwenye nywele na mikono. Haukuwa na sauti. Nikasema ndege wote wamekufa. Akaja baba yako na baiskeli, mdomo wazi, hakuna neno. Nikasema maskini Valeriani, sauti imemkauka. Nilimhurumia. Siku nyingi nilimhurumia yeye.

Nilipojua ni mimi, niliendelea kusema. Lakini sikujua nasema kwa sauti gani. Kanisani nilisema neno moja kwa jirani yangu, watu wote wakageuka. Tadei akaweka kidole mdomoni. Basi nikanyamaza. Wakadhani sina la kusema. Nilikuwa nalo. Nilikuwa nataka kuwaambia huu udongo ni mzuri, hauna mchanga, haupasuki motoni, njooni muuone.

Sasa nasema tena. Baba yako ananisaidia. Nikipaza sana anashusha mkono. Nikinong'ona anauinua. Tunakwenda hivyo.

Mkesha wa Noeli nilikuona umeshika sanduku, umegeuka kuondoka. Nilidhani umenikataa kwa sababu nimeharibika. Baba yako amenisomesha barua yako, nimejua ulichodhani wewe. Tulikuwa wajinga wawili uani.

Kijana wa Fulgensi. Sikukasirika. Nilitoka nje kucheka. Mimi nilipoulizwa nilisema ndiyo kabla ya kufikiri, wewe ulifikiri. Nilifurahi, sikutaka baba yako anione.

Kuacha chuo hapana. Usirudi mpaka umalize. Nakuhitaji ujue mengi.

Nakwambia kwa nini. Jumamosi alikuja mwanamke wa Kiberege kutazama shimo. Watu bado wanakuja. Alikuwa na binti, mkubwa wa kubeba ndoo, hasikii tangu kuzaliwa. Wakimwita wanamtupia kijiti. Shimo hakulitazama. Alitazama mikono yangu, nilikuwa naandika kwenye chungu kibichi. Nilimuuliza mama yake jina la mtoto, baba yako akaniandikia: Domitila.

Nikalichora kwenye udongo. Nikamwonyesha herufi, nikamgusa kifua. Hakuelewa. Nikaandika KANDIDA, nikajigusa. Nikaandika VALERIANI, nikamvuta baba yako. Nikamwandikia na mama yake. Tena DOMITILA, na kifua chake. Alitazama mmoja mmoja. Akarudi kwenye lake. Akaweka kidole juu ya D, akaifuata mpaka A ya mwisho, akajigusa mwenyewe. Akafanya tena. Alifanya mpaka udongo ukaanza kukauka, na mama yake alikuwa amekaa chini anafuta machozi.

Hakujua kwamba ana jina. Miaka yote ile.

Anarudi Jumatatu, na mama yake amekubali awe anakuja. Lakini mimi nilikuwa na maneno kichwani, nilikosa herufi tu. Huyu hana hata neno moja. Waulize walimu wako wote, muulize Mwalimu Eustaki, kisha unijibu kwa lori la kwanza. Baada ya jina, nimfundishe nini?

Mama yako,
Kandida